Kaburi Lisilo na Marumaru

Tuanze kwa kunyoosha kilichopindishwa. Mwalimu Hosiana wa Mjimwema hana mwanamume Makambako. Ana mzee Makambako, na mzee huyo ana miaka sabini na minne, goti bovu, mke mwenye jicho la trafiki, na duka la pembejeo ambalo harufu yake ya dawa za viazi inatosha kumfukuzia mtu yeyote fikra za mapenzi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa miezi ishirini na miwili, Hosiana alipanda kosta stendi ya Njombe, akaenda kwa mzee huyo, akakaa robo saa, akarudi. Waliomwona akienda walihesabu safari. Hakuna aliyejisumbua kuhesabu dakika. Robo saa! Hata chai haipoi.

Pili, Hosiana hakuwalisha wanawe viazi vitupu ili ajenge nyumba ya siri Dar es Salaam. Tatu, hakuliacha kaburi la mumewe likiwa tuta la udongo kwa sababu hakumpenda. Hili la tatu ndilo lililomuuma, na ndilo linalosimuliwa hapa. Yale mawili ya kwanza yamewekwa kwa heshima ya wasomaji ambao hawawezi kupokea habari ya mjane kabla hawajaulizia mwanamume na nyumba.

Uvumi wa Njombe huuzwa kama viazi vya Njombe, kwa lumbesa. Gunia likishajaa, huongezwa kilemba juu, likafungwa kwa kamba, na mnunuzi akalibeba lote bila kuuliza mzani.

Mumewe aliitwa Elius. Alikuwa akinunua viazi kwa wakulima na kuvipeleka sokoni mjini kwa lori la kukodi, mtu wa kicheko kirefu na kalamu nyepesi. Kicheko chake kila mtu alikijua. Kalamu ilikuja kujulikana baadaye. Aliugua siku tatu mwezi Machi, siku ya nne akawa anaitwa marehemu, akamwacha Hosiana na mabinti wawili: Nelly, aliyekuwa kidato cha kwanza, na Ema wa darasa la nne.

Sasa, kila aliyewahi kuzika nchi hii anajua kwamba kabla ya jeneza kushushwa, msemaji wa ukoo husimama akasema, "Kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na familia." Husemwa kwa sauti ya chini, macho yakitazama viatu. Maana yake ni kwamba mwenye deni aje baadaye, taratibu, na makaratasi, ili aambiwe avumilie. Baba mdogo Ezekia, mdogo wake baba wa marehemu, aliyasema maneno hayo kama yanavyosemwa, na kwa hekima ya miaka yake akaongeza, "Mwenye maandishi, lakini."

Hapo ndipo Hosiana aliposimama. Alijifunika kanga, mkono mmoja kwa Nelly, mwingine kwa Ema.

"Mwenye maandishi na asiye na maandishi," alisema, na sauti yake ya darasani ikafika mpaka kwa wapishi. "Elius hatazikwa na shilingi ya mtu."

Shahada yake ya jiografia ilimfundisha mito yote ya Afrika inakoanzia. Haikumfundisha kukaa kimya kando ya kaburi. Watu waliguna kwa kumheshimu, kisha wakaenda nyumbani kukumbuka.

Na walikumbuka! Ndani ya wiki mbili walifika wadai saba. Fundi cherehani alikumbuka suti. Mwenye lori alikumbuka safari mbili. Mmoja alikumbuka jogoo wa mwaka ambao Ema alikuwa hajazaliwa. Mwingine hakudai chochote ila ahadi: marehemu, alisema, alimwahidi viatu. Hosiana aliingia chumbani akatoka na viatu vya Elius, vile vya kanisani. Elius alivaa namba nane, mdai anavaa namba kumi. Alivichukua hivyo hivyo, akaondoka navyo mguuni akichechemea kama mtu aliyetendewa haki.

Gari dogo likauzwa, pikipiki ikauzwa, wote saba wakalipwa. Shamba la miti kule Lupembe halikuguswa. Madalali walikuja wakiwa na huruma kubwa na bei ndogo. Hosiana aliwaambia miti haijafika umri, na ikifika itawasomesha mabinti chuo kikuu. Akadhani mambo yameisha.

Wa nane hakuja kudai. Alituma salamu mwezi wa sita baada ya mazishi, akiomba radhi kwa kutuma. Huyo ndiye Mzee Alois wa Makambako.

"Kamwene, mzee," Hosiana alimsalimu mlangoni.

"Kamwene, Mwalimu. Karibu. Pole sana. Nilisita sana."

Alifungua daftari lake kubwa juu ya kaunta. Mbolea, mifuko thelathini. Mbegu ya viazi, mifuko kumi na mitano. Jumla milioni nne na laki mbili. Chini yake sahihi ya Elius, yenye ule mkia mrefu uliokuwa ukimchekesha mkewe.

"Hatukulima viazi mwaka ule," alisema Hosiana.

Mzee Alois alitazama mlango wa nyuma, ambako mkewe alikuwa akifagia mahali palipokwisha kuwa safi. "Mwalimu, nitakwambia kitu, na ukiulizwa sikukwambia. Mzigo huu haukwenda Njombe. Niliupakia mwenyewe kwenye kigari cha kirikuu. Ulishushwa Mahongole. Kwa dada yake."

"Dada yake yupi?"

"Kwani Mahongole ana dada wangapi?"

Alikuwa naye mmoja. Hapa tutamwita Esteria. Jina lake la kweli analo mwenyewe na halina haja ya kusaidiwa. Esteria alimwomba kaka yake amsainie, angelipa viazi vikiuzwa. Viazi viliuzwa. Msimu ulikuwa mzuri kupita kiasi. Fedha zikageuka mabati ya msauzi, ya bluu, yanayong'aa mpaka barabarani, na Hosiana alikuwa ameyasifia kwa mdomo wake mwenyewe siku ya kufungua nyumba.

"Nikamdai yeye?" aliuliza Mzee Alois. "Sipendi kumdai mjane."

"Sahihi ni ya nani?"

"Ya marehemu."

"Basi unamdai marehemu. Na marehemu ni mimi."

Mzee alishusha miwani. "Mwanangu, hiyo ni elimu au hasira?"

Hosiana alikuwa bado hajaamua. Lakini kwenye kosta ya kurudi alilipima jambo lile vizuri. Akisema, Elius atakuwa mjinga aliyesainishwa, na Esteria atakuwa mwizi wa ndugu yake aliye kaburini, na wote wawili wana jina moja la ukoo, lile lile lililoandikwa kwenye madaftari ya Nelly na Ema. Akinyamaza, atakula viazi. Alichagua viazi.

Na vililiwa. Nyumba ya Mjimwema iliingia katika utawala mpya. Dada wa kazi aliagwa kwa heshima na nauli. Mtungi wa gesi ulisukumwa kona na kufunikwa kitambaa cha kufuma, ukakaa pale kama mgeni mashuhuri asiyepaswa kusumbuliwa; chakula kilipikwa kwa mabanzi yanayobaki viwandani wanakopasua mbao. King'amuzi kilibaki kwenye meza kama pambo. Nelly alitolewa shule ya bweni akahamia ya kutwa, na alinuna wiki nzima. Mwezi Juni, baridi ya Njombe ilipoanza kuuma masikio, hawakuwasha mkaa sebuleni. Walihamia jikoni wote watatu, wakavaa sweta za Elius zilizokunjwa mikono mara nne, wakasahihisha na kusoma kando ya mafiga.

"Mama, leo tunakula nini?" aliuliza Ema.

"Viazi na chumvi."

"Na jana tulikula nini?" Nelly akadakia.

"Chumvi na viazi."

"Kesho je?"

"Kesho Jumapili. Kutakuwa na maharage, mpate cha kumshukuru Mungu."

Nelly alicheka bila kutaka, na tangu siku hiyo kununa kukapungua. Alikuwa amerithi kicheko cha baba yake. Kwa bahati nzuri hajapewa kalamu.

Mambo hayo yote majirani waliyaona, na kwa kuwa hawakuambiwa sababu, waliipika wenyewe. Hosiana alipojitoa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili kuokoa fedha za kifurushi, ilisemwa kwamba amewakana wakwe. Alipoacha kununua nyama, ilisemwa amejiunga na dhehebu la wasiokula nyama. Alipoonekana na sweta ya kiume, mjini hapakulalika. Sweta ya nani? Ya Elius, ambayo nusu ya waulizaji walikuwa wamemwona akiivaa miaka sita.

Kisha ikaja sikukuu ya mavuno kanisani. Baada ya ibada watu walisimama nje kwa mnada wa sadaka: maboga, mayai, mahindi, kuku. Enzi za Elius, yai moja liliweza kupanda mpaka elfu kumi, kwa vicheko. Mwaka huo Hosiana alisimama nyuma na mkoba wake umefungwa. Esteria alikuwa amekuja kutoka Mahongole, kitenge kipya, kilemba kirefu kama cha gunia la lumbesa. Alimnunua jogoo mweupe kwa shilingi elfu arobaini, watu wakapiga makofi, naye akampeleka moja kwa moja kwa Hosiana.

"Pokea, wifi yangu," alisema, na hakuwa na haja ya kipaza sauti. "Nasikia kwako siku hizi mchuzi ni wa kusimuliwa. Watoto wa kaka yangu nao waonje."

Watu walicheka kile kicheko cha kanisani, cha kufunika mdomo. Ema alimtazama jogoo kwa matumaini ambayo mama yake aliyaona, na hayo ndiyo yaliyouma kuliko maneno.

Hosiana alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akampiga jicho kama anavyopiga karatasi ya mtihani. "Asante, wifi. Ni jogoo mzuri. Basi na mimi namrudisha mnadani, kwa jina la marehemu kaka yako."

Hakuna anayeweza kumlaumu mtu aliyemrudishia Mungu sadaka. Hiyo ni desturi na ni heshima. Denis, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi, alimwinua jogoo juu kwa furaha isiyo na hatia. "Jogoo wa marehemu Elius! Nani ataacha jina la Elius liende kwa bei ya chini? Dada wa marehemu, tunakutazama wewe!"

Esteria alitazama kulia, akatazama kushoto. Ilimpasa kupandisha. Alimpata jogoo yule yule kwa elfu arobaini na tano, na safari hii alimbeba mwenyewe mpaka Mahongole. Hosiana alipiga makofi pamoja na wengine. Ndani ya moyo wake alikuwa akihesabu kwamba shilingi elfu themanini na tano ni mfuko mzima wa mbolea, na kwamba aliyeitumia mbolea ile leo amemnunua kuku mmoja mara mbili.

Njiani Ema aliuliza, "Mama, kwa nini umemrudisha?"

"Alikuwa ghali mno."

"Lakini alikuwa wa bure."

"Ndiyo maana."

Mwaka wa pili wa deni ulipokaribia kuisha, ukoo uliunda kamati. Kamati ni ugonjwa wetu. Watu watatu wakikutana bila mwenyekiti hujisikia uchi. Hii ilikuwa ya kujengea kaburi la Elius na kusimika msalaba, mwezi Julai. Walikutana nyumbani kwa Baba mdogo Ezekia, yeye mwenyekiti, Esteria katibu. Bajeti ilisomwa: ng'ombe mmoja, maturubai matatu, vitenge vya sare, mshereheshaji, muziki, na kaburi lenyewe, marumaru nyeupe juu mpaka chini, na picha ya marehemu ndani ya kioo. Mjane alipangiwa milioni moja na nusu. Hakuulizwa, alipangiwa.

"Kaburi litajengwa," alisema Hosiana. "Lakini deni kwanza. Sitaweka marumaru juu ya mtu anayedaiwa."

Esteria aliweka kalamu chini. "Deni, deni, deni! Miaka miwili deni! Deni gani hilo lisilokwisha, wifi? Au deni lenyewe linafuga ndevu?"

Chumba kizima kililipuka. Shangazi mmoja alilia kwa kucheka. Nelly, aliyekuwa amemsindikiza mama yake, aliinama akatazama vidole vya miguu yake.

Hosiana alimtazama binti yake, kisha akamtazama Esteria. Neno lilikuwa mdomoni, limeiva, lina jina la kata na idadi ya mifuko. Alilimeza. Lilipita kwa shida kuliko kiazi kikavu.

"Mwanangu," Baba mdogo Ezekia alisema, bila ukali, "udongo ule unatuaibisha. Watu wanapita njiani wanauliza kama tumemzika mtu au tumepanda mihogo. Ukishindwa, ukoo utajenga bila wewe. Na siku hiyo itabidi tuseme kwamba mjane alikataa, na msalaba atausimika dada yake."

Hilo halikuwa la mzaha. Kama Esteria angesimika msalaba, mabinti wangekaa siku ile miongoni mwa wageni kwenye kaburi la baba yao, na neno "alikataa" lingedumu kijijini kuliko marumaru yoyote.

"Nipe mpaka Jumamosi ya mwisho ya Juni, baba."

Alikuwa bado anadaiwa laki tano na nusu, na kwa mwendo wake zilihitaji miezi mitatu. Nyumbani alisimama mbele ya kabati la vyombo, lile la vioo, lenye seti ya vikombe vya harusi ambavyo havikuwahi kuguswa na mdomo wa binadamu kwa kuwa vilikuwa vya wageni, na mgeni wa kustahili alikuwa hajazaliwa. Bwana harusi mmoja wa mtaani alilinunua kabati pamoja na vikombe, kwa fedha zilizotosha kumalizia. Ukuta ulibaki na mstatili wa rangi isiyopauka. Ema alisema unafaa kubandika ramani. Wakabandika ramani.

Jumamosi ile Mzee Alois alihesabu fedha mara mbili, akavua kofia. Kisha akachukua kitabu cha stakabadhi, akasita kalamu ikiwa hewani.

"Niandike na mahali mzigo uliposhushwa? Daftarini nilipaandika pembeni."

Kwenye mlango wa nyuma fagio lilisimama.

"Andika kama daftari lako linavyosema," alisema Hosiana. "Wala usiongeze, wala usipunguze."

Siku iliyofuata, baada ya ibada, kamati ilikutana. Hosiana aliingia na Nelly, akasalimu wakubwa mmoja mmoja, akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Wifi, wewe ndiye katibu. Naomba uwasomee."

Esteria aliinuka nayo kama mtu anayekwenda kutangaza mshindi. "Nimepokea kutoka kwa mjane wa marehemu Elius," alianza kwa madoido, "malipo ya mwisho ya mbolea mifuko thelathini, na mbegu ya viazi mifuko kumi na mitano, vilivyopakiwa kwenye kirikuu na kushushwa..."

Akaishia hapo. Macho yake yalikwenda mpaka mwisho wa mstari, yakarudi mwanzo, yakaenda tena.

"Vilishushwa wapi?" aliuliza Baba mdogo Ezekia, akitega sikio lake zima. "Sisikii."

Kilemba cha Esteria kilikuwa kimeanza kulegea upande mmoja na hakukirekebisha. Kwa mara ya kwanza katika miezi ishirini na miwili alimtazama wifi yake usoni, na macho yale hayakuwa na mzaha, yalikuwa yanaomba. Shangazi wa vicheko alikuwa ametoa shingo kama kobe.

Hosiana angeweza kuliacha swali lile lining'inie. Angestahili hata dakika mbili za kulitazama likining'inia. Alijiruhusu moja.

"Vilishushwa salama, baba," alisema. "Endelea na mstari wa mwisho, wifi. Huo mwandiko unasomeka."

"Deni..." sauti ya Esteria ilikuwa ndogo, "deni lote limekwisha."

"Mungu asifiwe," akasema Baba mdogo Ezekia. "Basi tuje kwenye marumaru."

"Kwani lazima marumaru?" alidakia Esteria, haraka mno. "Kaka hakuwa mtu wa makuu. Saruji safi inatosha. Na saruji... saruji nitatoa mimi. Mifuko ishirini. Thelathini, hata."

"Thelathini," alisema Hosiana. "Ni idadi nzuri."

Alinyoosha mkono, akaichukua stakabadhi yake, akaikunja mara nne.

Mwezi Julai kaburi lilijengwa kwa saruji, imara, bila kioo wala sare. Walikula ubwabwa na maharage. Msalaba waliusimika watu watatu, Hosiana, Nelly na Ema, na upepo wa Njombe ulikuwa mkali kiasi kwamba iliwabidi waushike pamoja mpaka fundi alipomaliza. Jina la Elius limechorwa juu yake kwa herufi kubwa, na hakuna mtu katika wilaya nzima anayeweza kusimama mbele yake akasema, "Huyu namdai."

Bila shaka mji umepata swali jipya. Safari za Makambako zimekoma, mtungi wa gesi umerudi kazini, na sasa wanachotaka kujua ni kwa nini Esteria, ambaye hakuwahi kutoa hata ndoo ya mchanga, alitoa saruji thelathini kwa mkupuo, na kwa nini siku hizi akifika Mjimwema hubisha hodi mara mbili. Juzi sokoni muuza nyanya alimshika Hosiana mkono.

"Mwalimu, mama yangu, niambie mimi tu. Ile karatasi ilisema vilishushwa wapi?"

"Salama."

"Salama ndiyo wapi?"

"Nyanya shilingi ngapi?"

"Elfu mbili sado. Lakini Mwalimu, kati yako na mimi..."

Hosiana alilipa elfu mbili, akachukua nyanya zake, akasema kwamba alichokuwa nacho cha kusema amekwisha kukisema, na hataongeza. Hakuongeza.